Simu ya Nyanzala

Jumanne, 18 Februari 2025

Sokoni leo mwanaume nisiyemjua kanishika mkono, kautikisa kweli kweli. Nilikuwa naulizia bei ya dagaa tu, hata sentensi sijaimaliza. "Ni wewe! Nyanzala! Ndama amepona!" Ndama gani? Watu wanageuka. Akaeleza — ndama wake alikuwa anaharisha, akapiga simu ya bure, nikamwambia ampe maji ya chumvi na sukari, amtenge na wenzake. Mimi! Nikamwambia, kaka, yule ni kompyuta. Akacheka sana. "Haya, kompyuta yenye jina la bibi yangu." Kaninunulia fungu la dagaa. Nikakataa, akalitupia kwenye kikapu akaondoka.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau ilivyoanza. Mwaka jana wakati wa kiangazi walikuja redioni vijana wa kampuni moja changa ya Dar, inaitwa Itika. Wanatafuta mtu anayesoma Kiswahili na Kisukuma bila kukwama. Mimi ndiye msoma salamu na matangazo ya vifo, sauti yangu inafika Mishamo mpaka Ugalla. Bosi Athuman akanisukuma mbele. Wakanifungia kwenye chumba cha gesti, magodoro ukutani ili kelele za bajaji zisiingie, nikasoma sentensi wiki nzima. Nyingine hazina kichwa wala miguu. "Mbuzi wa shangazi amepanda juu ya meza." Nikasaini, wakanilipa, wakaondoka. Nikajua yameisha.

Kumbe walikuwa wanaifundisha mashine. Sasa mkulima anapiga namba bila kukatwa salio, anauliza mambo ya mazao au mifugo, mashine inamjibu — kwa sauti yangu, hata maneno ambayo sijawahi kuyasema maishani. Vijijini hawaiiti Itika. Wanaiita "simu ya Nyanzala".

Dagaa nimewakaanga na nyanya. Watamu.


Ijumaa, 21 Februari

Baba kapiga nikiwa hewani. Yeye hupiga jioni ng'ombe wakisharudi zizini, na jioni ndiyo zamu yangu ya salamu. Nilipotoka nikampigia — hapatikani. Kwake kule Ugalla mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu. Akishashuka basi, umemkosa. Kesho.


Jumapili, 23 Februari

Kufua. Kanisa. Mvua kubwa mchana, bati linavuja pale pale. Mama Zakia mwenye nyumba kasema fundi anakuja. Fundi huyo huyo wa tangu Krismasi.

Baba bado sijampigia.


Jumatatu, 3 Machi

Mfungo umeanza. Bosi Athuman mkali kama pilipili, kahawa hana.

Mlinzi kaja studio: kuna mama getini, anakutaka wewe, hamtaki mwingine. Nikatoka. Mama wa makamo, kitenge cha kijani, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya tope. Pembeni yake mfuko wa salfeti. Nikamwamkia, shikamoo mama. Kainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Ni yeye," kasema, si kwangu, sijui kwa nani. Halafu kafungua mfuko.

Maharage. Mashina mazima yameng'olewa na mizizi yake. Majani yamejikunja, rangi ya ugoro, kama yamepitiwa na moto.

Anaitwa Verdiana, wa Mishamo. Wadudu walikuwa wanatoboa majani ya maharage yake. Jirani akampa namba. Akapiga, akasema, "Nataka dawa ya majani." Na mimi — mashine! — nikamtajia. Jina la dawa, kiasi cha maji, apulize asubuhi kabla ya jua kali. Dukani wakamuuzia alichotaja. Kapuliza shamba zima, mgongoni kabeba bomba la kuazima.

Ilikuwa dawa ya kuua magugu.

Majani! Kwake yeye majani ni ya maharage. Kwa mashine majani ni nyasi, ni magugu. Na wote wawili Kiswahili chao ni sahihi kabisa.

Nikaanza kueleza — mama, yule si mimi, walichukua sauti tu, mimi hapa kazi yangu ni... Kanisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Ulinijibu kwa upole," kasema. "Ungenijibu kwa ukali ningeuliza mara mbili."

Nikamletea kiti. Nikamletea chai, mlinzi akanikumbusha watu wamefunga, tukaenda kukaa nyuma ya jenereta. Akanywa. Halafu kaniuliza, macho makavu: mvua bado zipo, apande tena sasa hivi au asubiri? Ananiuliza mimi!

Nikamwambia sijui, mama. Mimi kilimo sikijui, nasoma matangazo.

Akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza. "Hilo ndilo ungeniambia siku ile."

Mashina kayaacha. Yako chini ya meza yangu studio. Sijui nifanye nayo nini.


Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya Itika ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Yasser yuko peke yake na laptopu na feni. Ni kijana wa Temeke, ndiye msimamizi wao hapa Katavi. Si mtu mbaya. Nilienda nikiwa nimejiandaa kugomba, nikamkuta midomo imekauka kwa swaumu, anakula kwa macho karanga za mtu chini barabarani.

Nikamwekea mashina mezani. Akatafuta simu ya Mama Verdiana kwenye laptopu. Wanarekodi zote! Sikujua. Akabonyeza. Nikasikia sauti ya mama wa watu, kelele za kuku nyuma yake, halafu nikajisikia mwenyewe. Mpole. Nimetulia. Sina shaka hata kidogo. "Asante kwa swali lako. Kwa majani, tumia..."

Yasser kashika kichwa. "Dada Nyanzala, hili ni letu. Tutalirekebisha." Kaandika Dar hapo hapo. Nikauliza, na maharage? Kasema atawaombea wampelekee mbegu, ila lazima ofisi kubwa ikubali, na kisheria wao hutoa ushauri tu, yako kwenye masharti. Masharti yako wapi? Yanasomwa mwanzoni, mtu akipiga mara ya kwanza. Na nani?

Nikakumbuka. Siku ya mwisho gesti. Aya ndefu. Waliniambia hii isome haraka haraka.


Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka Mishamo. Mgongo umekwisha, pikipiki na yale matuta ya tope.

Nilitaka kuona shamba la Mama Verdiana. Nimeona. Mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula — huku kwa jirani kijani mpaka unafurahi, huku kwake kama mkeka wa zamani. Alikuwa anatembea mbele yangu akinionyesha: hapa yalishaanza maua, hapa nilitegemea ya mbegu, hapa ya ada ya Amosi, mwanawe wa mwisho. Kama mtu anayetembeza mgeni nyumba.

Watu wamejaa uani. Wanataka niongee. Niseme chochote! Mzee mmoja kafumba macho ili asikilize vizuri, kisha kafumbua na kusema, kwa simu ni bora zaidi, hapa anakohoa. Wakacheka wote. Na mimi.

Nikawauliza kama bado wanapiga ile namba, baada ya haya. Wanapiga! Mtaalamu wa kilimo ni mmoja kwa vijiji vingi, mafuta ya pikipiki hana, ukimpata umepata bahati. Simu inajibu muda wowote. Kwa mahindi haijawakosea. Mama Verdiana mwenyewe kapiga juzi. Nikashangaa, mama! Kasema aliuliza habari za kuku. "Kuku hana majani."

Tukala ugali wa muhogo na maharage ya mwaka jana. Nilitaka kukataa yale maharage. Ningekataaje?


Jumatano, 12 Machi

Leo hewani, baada ya tangazo la msiba wa Inyonga na kabla ya salamu, nimeongeza maneno yangu. Sikuomba ruhusa. Nimesema: wasikilizaji, mkipiga ile simu ya kilimo, msiseme majani. Semeni wadudu, au semeni magugu. Na dawa yoyote mtakayotajiwa, mwonyesheni kwanza anayeijua. Yule si mimi, ni mashine yenye sauti yangu.

Basi. Nikaendelea na salamu za Kasimiri wa Kakese kwa wakwe zake.

Bosi Athuman kanisubiri mlangoni. Itika wanalipia matangazo hapa, najua? Najua. Umeme wa mwezi huu nani kalipa, najua? Najua. Kavuta pumzi, mfungo nao unasaidia. Kasema maneno yenyewe hayana ubaya. Ila nisirudie bila kumwambia.

Baadaye nikamkuta anamwambia shemeji yake kwenye simu: "Usiseme majani. Sema wadudu."


Alhamisi, 20 Machi

Yasser kanitumia ujumbe: imerekebishwa, jaribu. Nimepiga. Nimesema, nataka dawa ya majani.

"Samahani. Unaposema majani, una maana ya majani ya zao lako, au magugu?"

Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini sentensi hiyo mimi sijaisema popote. Hata kabla ya "au" kuna mahali inavuta pumzi, vile vile ninavyovuta mimi. Haina mapafu!

Nikakata. Nikapiga tena kusikiliza ile pumzi.

Mbegu za Mama Verdiana bado. Dar wanasema "linashughulikiwa".


Jumatatu, 24 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Yasser kaniita ofisini, uso unang'aa. Wawekezaji wanakuja! Mwezi ujao, baada ya sikukuu. Mama mmoja wa Nairobi na mzungu mmoja. Wakiridhika wanaweka fedha, simu inaenda Rukwa, Kigoma, Tabora mpaka Shinyanga. Na kitu kipya: simu itakuwa inapiga yenyewe. Asubuhi inampigia mkulima, inamwamkia, inamkumbusha palizi, inamkumbusha chanjo ya ng'ombe, inamtajia na mbegu na vyakula vya mifugo vya kampuni washirika. Kila asubuhi. Kwa sauti yangu.

Ila nilichosaini mwaka jana kinasema sauti itatumika kujibu. Kupiga hakimo. Kwa hiyo wananihitaji tena. Bila mimi itabidi watafute sauti nyingine waanze upya, na yule mama wa Nairobi kaipenda hii. Kasema inatia imani.

Nikamwambia nitafikiri. Kasema poa dada, fikiri, hakuna presha — huku mguu unamcheza chini ya meza. Kazi yake iko humo humo, najua. Mke wake mjamzito.

Halafu kasema wageni wataenda kijijini kumwona mteja namba moja wa Katavi nzima. Mzee mmoja wa upande wa Ugalla. Anapiga karibu kila jioni! "Huyo ndiye balozi wetu. Kisukuma kitupu, sielewi anauliza nini, ila anatupenda huyo." Kageuza laptopu nione.

Naijua namba hiyo kwa kichwa.

Nikasema, weka nisikie. Kaweka.

"Mwangaluka, mayu," baba kasema. Ni salamu ya asubuhi, ila hata jioni yeye husalimia hivyo, akitania. Mayu, yaani mama, ananiita hivyo tangu mama alipofariki.

"Mwangaluka. Karibu Itika. Una swali kuhusu mazao au mifugo?"

"Umekula?"

"Samahani, sijaelewa swali lako. Tafadhali sema mazao, au mifugo."

Upepo. Yuko juu ya kichuguu.

"Mifugo," kasema.

"Asante. Ni mifugo gani?"

"Ng'ombe. Wazima wote. Yule mwekundu kazaa, nilitaka ujue."

Mashine ikaanza kumfundisha namna ya kumtunza ndama. Maziwa ya kwanza. Kitovu. Kulala pakavu. Baba yangu! Mtu aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Meatu mpaka huku kabla sijazaliwa. Na hakukata. Anaitikia tu. "Eee. Eee. Haya, mayu." Mpaka mwisho.

Yasser kauliza, anasema nini? Nikamwambia, ng'ombe kazaa. Akafurahi.

Nikaomba nyingine. Nyingine ile ile. Mvua imenyesha, mifugo, ng'ombe. Abednego — huyo ni kaka yangu, wanaishi wote — kaezeka nyumba, mifugo, ng'ombe. Ameshajua neno linaloifanya iendelee kuongea.

Sikumwambia Yasser kuwa ni baba yangu. Nilijiona naaga, nashuka ngazi, nimefika kwenye reli ndipo nikajua natembea.


Jumanne, 25 Machi

Nimeomba ruhusa ya kukosa zamu ya jioni, mara ya kwanza mwaka huu. Nikakaa na simu mkononi. Baba kapiga! Nikapokea hata haijaita vizuri.

Taratibu, kasema, "Mifugo."

Nikamwambia baba, ni mimi. Mimi mwenyewe. Kukawa na kelele za mbuzi, kasema aah, nimebonyeza ya kwako leo. Tukaongea. Ndama naye mwekundu, ana alama nyeupe mgongoni. Baba mwenyewe magoti yanamsumbua.

Nikamuuliza — nilitafuta njia nzuri sikuipata — baba, unajua yule wa namba ya bure si mimi?

"Najua. Mimi si mtoto."

Basi kwa nini?

"Yule anapokea."

Alisema bila hasira, kama anavyosema mto umejaa. Kisha mtandao ukakatika.


Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Zakia kaleta pilau, sinia zima, na soda. Akakaa kitandani kwangu akala na mimi. Nikamweleza yote, sikupanga.

Mama Zakia ni mfanyabiashara, duka la mchele miaka yote hiyo. Kasema hao si wezi, ni wafanyabiashara. Sauti yako ni mali, uza, ila uza kwa masharti yako. Ukikataa watamchukua mwingine, naye hatamjali Verdiana wa watu hata dakika moja. Wewe angalau ulikwenda.

Kweli.

Nikasema lakini mama, itakuwa inampigia baba yangu kila asubuhi. Kumwambia anunue chakula cha ng'ombe.

Kalamba kidole, kafikiri. "Hapo sasa," kasema. Akaondoka na sinia.


Alhamisi, 3 Aprili

Mbegu za Mama Verdiana — hapana. Nimepiga ofisi yao ya Dar mwenyewe. Dada mmoja kaniambia nina sauti nzuri, kama ile ya mfumo wao.

Nimemwambia Yasser kwamba yule mzee ni baba yangu. Karuka kitini! Hii ni stori, dada! Wageni watalia! Nikamtazama. Akakaa. Kasema samahani. Halafu kasema mama yake yuko Temeke, naye hampigii.

Ziara ni Jumatano. Nitakwenda nao. Nimesema jibu langu nitalitoa huko huko.

Jibu sina.


Jumatano, 9 Aprili

Naandika jikoni kwa wifi Monika, mke wa Abednego. Moshi machoni, mvua imeshika. Nimekuja kwa kusingizia chai. Wageni wako nyumba kubwa. Nataka niandike kabla hayajachanganyika.

Tumefika mchana, magari mawili, moja limenasa kwenye tope likasukumwa na kijiji. Watu wengi. Baba kavaa koti la harusini la Abednego, si la kwake. Kanisalimia kama mgeni mwingine yeyote, mkono, kichwa juu. Ila mkono hakuuachia upesi.

Yule mama wa Nairobi si mbaya hata kidogo. Kavua viatu kabla ya kuingia. Kiswahili chake cha Nairobi lakini anajitahidi, anauliza maswali ya maana — kisima kiko wapi, mtaalamu wa mifugo anafika lini. Mzungu anapiga picha ndama mwekundu. Yasser kahutubia: sauti inayoaminika, wakulima wanasikilizwa, namba zinapanda. Hakusema habari za Mishamo. Nilimtazama alipofika mahali pa kusema. Akaruka.

Halafu ikafika demo. Baba akae katikati, apige, simu iwekwe sauti kubwa, wageni wasikie. Mtandao wamekuja nao, mtambo juu ya gari! Yasser kambonyezea namba, kampa simu mkononi. Ikaita. Ikapokelewa. Sauti yangu ikajaa ua mzima: "Mwangaluka. Karibu Itika. Una swali kuhusu mazao au mifugo?"

Mimi nimekaa kwenye benchi, mbele yake hivi.

Baba kaiangalia simu. Kaniangalia. Sauti ikarudia, tafadhali sema mazao, au mifugo. Baba akatafuta pa kuizimia, hakupaona, akaigeuza kifudifudi akaiweka chini ya paja lake, ikawa inaongea humo humo chini ya koti. Kisha kasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimpigie wa nini, na huyu hapa kaja?"

Wanaojua Kisukuma wakacheka. Si kicheko cha dhihaka. Wifi Monika alijifunika uso na khanga.

Mama wa Nairobi kageuka huku na huku anatabasamu. "Mzee amesema aje?"

Yasser Kisukuma hana hata cha kuombea maji. Kasema, "Anasema anashukuru sana, amefurahi." Wageni wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Yule mama kaliona hilo — ana jicho. Kanitazama sana. Kasema, "Nyanzala, wewe ndiye sauti, na huyu ni baba yako. Nataka nisikie kutoka kwako. Alisema hivyo kweli?"

Ndipo mvua ikashuka, yote kwa mara moja. Watu mbio, viti mbio, mtambo unafunikwa na turubai. Nikasema nakwenda kuangalia chai.

Chai imeshachemka.

Nikimtafsiria nitasema yote. Siwezi kusema nusu. Nitasema la baba, na nitasema la maharage ya Mama Verdiana, maana yako pamoja, sijui niyatenganishe wapi. Na Yasser yuko pale na mkewe anakaribia kujifungua. Na Mishamo watapiga simu ipi, mtaalamu asipokuja? Au niseme ndiyo, ijibu, isipige. Na mbegu kwanza. Wanaweza kukubali. Wanaweza kufunga laptopu wakaondoka na mvua hii hii.

Wifi Monika anapanga vikombe. Kaniambia tu, sukari iko kwenye kopo jekundu.

Baba kaja. Jikoni haingii, ni kwa mkwe wake. Kasimama nje mlangoni chini ya upenu, mgongo kwangu, matone yanamdondokea kwenye koti la watu. Hajaniuliza naandika nini.

Yasser naye anakuja mbio, nasikia viatu kwenye tope. "Dada Nyanzala! Wanakusubiri, yule mama kasema hawaondoki mpaka —"

Baba kanyoosha mkono, kashika mwimo wa mlango. Kwa Kiswahili chake cha ng'ombe kamwambia:

"Ngoja, kijana. Huyu anafikiri kwanza."

Yasser kasimama kwenye mvua. Hapiti. Na nyuma yake naona mwavuli, na miguu mitupu ya yule mama inachagua pa kukanyaga, inakuja huku. Nafunga daftari.